Luteni wa miaka 22 aliyefia mzingani Gettysburg, 1863: kwa nini nishani yake ilichukua miaka 151?

#1 Mbeba Box Maryland
Wakuu salaam. Wikendi nilipata off nikaendesha gari hadi Gettysburg, Pennsylvania, pale palipopiganwa siku tatu, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Nilitegemea ngome kubwa. Nikakuta majani, mizinga iliyopangwa kama maonyesho, na ukuta wa mawe ambao hata kiunoni haufiki. Hapo penye kona ya ukuta ndipo alipokufa Luteni Alonzo Cushing, kamanda wa kikosi A cha Mizinga ya 4 ya Marekani, upande wa Kaskazini, yaani wa serikali. Alikuwa na miaka 22.

Kwa kifupi: Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, walipiga mabomu kama saa mbili mfululizo, halafu askari wa miguu kama 12,500 wakaanza kuvuka uwanja wa wazi wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja wakija kwenye ukuta ule. Cushing alikuwa na mizinga 6, mingi ikawa imeshavunjwa. Amejeruhiwa bega, amejeruhiwa tumbo la chini, anaambiwa aende nyuma, anakataa. Anaomba asogeze mizinga iliyobaki hadi ukutani. Anasogeza. Risasi ya tatu inampata mdomoni.

Swali langu: sajini wake alipewa Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, mwaka 1897. Jenerali Webb aliyekuwa juu yake akapewa 1891. Yeye mwenyewe akapewa na Obama tarehe 6 Novemba 2014. Miaka 151! Taifa linalopenda mashujaa hivi lilikuwa wapi?

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa pale na karanga zangu. Ngoja waje wenye historia.

#3 Kisu cha Ngariba
Jibu jepesi sana mkuu. Hiyo nishani ilianzishwa baada ya vita, na maafisa hawakuruhusiwa kupewa, ilikuwa ya askari wa kawaida. Uzi ufungwe.

#4 Ticha wa Zamu
@Kisu cha Ngariba usiufunge kabla hujaufungua. Nishani ya jeshi la nchi kavu ilianzishwa Julai 1862, vita vikiwa vinaendelea. Mwanzoni kweli ilikuwa ya askari wa vyeo vya chini tu, lakini Machi 1863 sheria ikabadilishwa, maafisa wakaingizwa. Cushing amekufa Julai. Miezi minne baadaye. Kwa sheria alikuwa ndani.

Waliokaa nje muda mrefu ni maafisa wa majini, hadi 1915. Na hapo ndipo utamu ulipo, maana mdogo wake Cushing, William, alikuwa afisa wa majini. Oktoba 1864 alikwenda usiku na boti ndogo akaizamisha meli ya chuma ya Kusini iliyoitwa Albemarle. Bunge likamshukuru rasmi. Nishani hakupata.

#5 Kisu cha Ngariba
Nimekubali yaishe. Kwa hiyo familia nzima ina mkosi wa nishani.

#6 Dada wa Nakuru
Kwani walikuwa wangapi hao? Mama yao alikula nini?

#7 Ticha wa Zamu
Ndugu wanne walivaa sare, dada. Milton alikuwa mhasibu wa majini. Howard alikuwa mizinga pia. Baada ya Alonzo kufa, yeye akaingia kikosi kilekile cha 4, baadaye akahamia wapanda farasi, akauawa na Waapache, wenyeji wa asili, kule Arizona mwaka 1871. Baba yao alifariki 1847 wakiwa watoto, mama mjane akawahamishia Fredonia, New York. Huyo mama ndiye aliyechagua maneno ya kwenye kaburi la Alonzo pale West Point, chuo cha maafisa wa jeshi: "Mwaminifu hata kufa." Wakristo wa humu wanajua yametoka Ufunuo.

#8 Mzalendo Feki
Naomba niwe mtu mbaya wa uzi huu. Hiyo stori ya kushika utumbo kwa mkono mmoja huku anaamrisha mizinga kwa mkono mwingine, nani aliiona? Kila vita ina stori ya namna hii. Mtu akipigwa tumboni analala chini, hafanyi mkutano. Mimi naona kuna chai humu, tena ya maziwa.

#9 Mbeba Box Maryland
Mkuu #8, mimi nimesema tumbo la chini, utumbo umeuleta wewe 😂 Ila ni kweli wapo wanaosimulia hivyo.

#10 Ticha wa Zamu
Mzalendo Feki safari hii umeuliza la maana, lazima nikiri. Sehemu kubwa ya simulizi ile inatoka kwa mtu mmoja, Sajini Frederick Fuger, Mjerumani wa kuzaliwa, aliyekuwa bega kwa bega na Cushing. Cushing hakuwa na sauti tena, akawa anamnong'oneza Fuger na Fuger anapaza amri kwa askari. Afisa mwenzao Milne naye alikuwa amejeruhiwa, akafa siku chache baadaye, kwa hiyo Cushing alipoanguka ni sajini ndiye aliyebaki na amri. Sasa, Fuger aliandika kirefu zaidi ya miaka 40 baada ya tukio, akiwa mzee mwenye nishani kifuani. Hapo mtu ana haki ya kukuna kichwa.

Lakini usitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea. Ripoti za makamanda wa askari wa miguu ziliandikwa wakati moshi bado mbichi. Zinasema magari yake matatu ya risasi yalilipuka, magurudumu yakapigwa yakabadilishwa chini ya moto, akajeruhiwa vibaya, akasukuma mzinga hadi kwenye ukuta, akauawa akipiga kopo lake la mwisho, lile la vyuma vidogo vidogo. Utumbo humo haumo. Ujasiri umo.

#11 Mzalendo Feki
Mzinga au mizinga? Mbeba Box kasema mizinga.

#12 Ticha wa Zamu
Ndiyo hapo. Kuna anayesema mmoja, kuna anayesema miwili, kuna anayesema mitatu. Watu walikuwa kwenye moshi, hawakuwa wanahesabu mbuzi.

#13 Gobori la Babu
Hodi wakuu. Mimi historia ya Marekani siijui ila hizo silaha za kupakia mdomoni nimekulia nazo huku Sikonge. Babu alikuwa na gobori, la halali, lenye kibali, msianze. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa, unamimina vyuma, unashindilia tena. Kosa moja tu kwenye kushindilia na unabaki na vidole vya kuhesabia hadi saba. Jirani yetu anaitwa Saba hadi leo na watoto wake hawajui kwa nini.

Sasa naomba kuuliza: kwenye mizinga yao walizuiaje baruti isiwake wakati wa kushindilia, na bomba limeshakuwa la moto vile?

#14 Ticha wa Zamu
Swali la fundi hili. Mzinga ule una tundu dogo juu, nyuma kabisa, la kuwashia. Ukishapiga, ndani yanabaki makaa ya mfuko wa baruti. Kwanza wanapitisha fito yenye sponji iliyoloweshwa maji, halafu wanaingiza mfuko mpya na kushindilia. Muda wote huo kuna askari mmoja amesimama nyuma, kazi yake moja: kuziba lile tundu kwa kidole gumba. Hewa ikipita pale ni kama umepuliza jiko, kaa linashika, baruti inalipuka, na yule anayeshindilia pale mdomoni anapoteza mikono yote miwili.

Kwa sababu chuma kinaungua, mzibaji huvaa kifuko cha ngozi kwenye kidole gumba. Inasimuliwa kwamba siku ile kifuko hakikuwepo, na Cushing mwenyewe, askari wake wakiwa wameisha, akaziba tundu kwa kidole kitupu. Kikaungua hadi mfupa.

#15 Gobori la Babu
Hiyo ya kidole naiamini kuliko ya utumbo. Mtu aliyewahi kushika bomba la moto hawezi kutunga kitu kama hicho, angetunga kingine.

#16 Dada wa Nakuru
Nimeinua chapati kwenye kikaango kwa vidole asubuhi hii nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Heshima kwake.

#17 Mnyalu Original
Turudi kwenye nishani. Mimi nasema ni suala la kufa tu. Wakati ule hawakuwa na desturi ya kumpa marehemu nishani. Nishani ilikuwa kitu cha kuvaa. Utamvalisha nani?

#18 Ticha wa Zamu
Ni kweli nusu. Haikuwa desturi, lakini haikuwa marufuku. Wapo wale waliokwenda Georgia mwaka 1862 kuiba treni nyuma ya mstari wa adui, wengine wakanyongwa. Baadhi ya walionyongwa walipewa nishani wakiwa kaburini, tena vita havijaisha. Kwa hiyo mlango ulikuwepo, uliachwa wazi kidogo.

Halafu kwa afisa, heshima ya zamani hizo ilikuwa cheo cha heshima. Cushing alipandishwa baada ya kufa, akawa Luteni Kanali kwa jina. Kwa watu wa 1863 hayo yalikuwa malipo kamili. Sisi wa leo ndio tunaona nishani ni kubwa kuliko cheo.

#19 Kisu cha Ngariba
Na walikuwa wanazigawa hovyo bwana. Nimesoma kuna kikosi kizima kilipewa.

#20 Ticha wa Zamu
Hapo umepatia, nakupa alama zako. Kikosi cha 27 cha jimbo la Maine, nishani 864, na wengi wao walikuwa wameshaenda nyumbani. Mwaka 1917 wakafuta nishani 911 kwa mpigo, hizo zikiwemo.

#21 Mnyalu Original
864 kwa waliokwenda nyumbani, sifuri kwa aliyebaki. Hapa nimeishiwa nguvu.

#22 Kitukuu cha Saba Saba
Samahani nachelewa kuingia. Mimi nina mzee nyumbani, babu mzaa mama, alikuwa mizinga vita vya Kagera 1978-79. Waganda waliyaita yale makombora yetu Saba Saba, na mimi ndipo nilipopata jina. Babu hasikii. Ukimsalimia "shikamoo" anaitikia "marahaba" ya kusikika nyumba ya tatu.

Nataka kusema kuhusu nishani. Kwa anavyosimulia babu, nishani haiji kwa sababu ulifanya kitu. Inakuja kwa sababu kuna mtu alikuona, akabaki hai, anajua kuandika, na ana muda wa kufuatilia makaratasi. Ukikosa kimoja, basi. Yeye ana mwenzake alibeba majeruhi watatu kwa awamu, hakuna aliyeandika.

#23 Mbeba Box Maryland
Mkuu #22 umenigusa, maana ndiyo nadharia yangu. Miaka ya 1890 wazee wa vita walikuwa wanajiandikia barua za kuomba nishani. Marehemu haandiki barua.

#24 Mzalendo Feki
Hapana, haitoshi. Jenerali Webb aliyempa ruhusa ya kusogea ukutani aliishi hadi 1911. Fuger hadi 1913. Wote walimwona, wote walijua kuandika, wote walibaki hai. Kwa nini barua zao zilikuwa za kwao tu? Mimi nasema ni binadamu. Shujaa aliyekufa ni kivuli kizuri cha kupumzikia, lakini hutaki awe mrefu kuliko wewe.

#25 Ticha wa Zamu
Hapo unamwonea Fuger. Ni yeye aliyetangaza jina la Cushing kuliko mtu yeyote. Inawezekana tu walidhani cheo kimetosha, kama nilivyosema #18.

#26 Mzalendo Feki
Inawezekana. Na inawezekana mimi nimesema kweli.

#27 Siti ya Dirishani
Karanga zimeisha. Endeleeni, nimeagiza mihogo.

#28 Baharia Mstaafu
Nyongeza ya upande wa siasa. Aliyelifufua jambo ni bibi mmoja wa Delafield, Wisconsin, aliyekuwa akiishi kwenye ardhi iliyokuwa ya baba yake Cushing. Alimwandikia Seneta Proxmire mwaka 1987. Fikirieni: barua ya 1987, nishani 2014. Sheria inataka mapendekezo yatoke ndani ya miaka michache tangu tukio, kwa hiyo ilihitajika Bunge liondoe ukomo wa muda. Desemba 2012 kipengele kilikuwemo kwenye muswada wa ulinzi, kikatolewa Senati kwa shinikizo la Seneta Jim Webb wa Virginia. Mwaka uliofuata kikarudi, kikapita.

#29 Kisu cha Ngariba
Subiri kwanza. Webb mmoja alimruhusu kusogeza mizinga 1863, Webb mwingine akamzuilia nishani 2012???

#30 Mnyalu Original
Na wa pili anatoka Virginia, walikotoka wale waliokuwa wanaukimbilia ukuta. Kisasi hakiozi wakuu 😂😂

#31 Baharia Mstaafu
Tusichekeshane kwa uongo, huyo Webb wa Virginia mwenyewe ni askari wa Vietnam mwenye nishani kubwa. Hoja yake haikuwa Kusini na Kaskazini. Alisema ukifungua mlango huu kwa mtu wa karne na nusu iliyopita, kila familia itakuja na babu yake. Mnaweza kumpinga, lakini hoja ina miguu.

#32 Kitukuu cha Saba Saba
Ina miguu kweli. Siku ileile Gettysburg si kulikuwa na wengine?

#33 Ticha wa Zamu
Wengi. George Woodruff, darasa moja na Cushing pale West Point, Juni 1861, alipigwa alasiri ileile mita mia kadhaa kaskazini ya hapo akiwa na mizinga yake, akafa kesho yake. Bayard Wilkeson, miaka 19, kikosi kingine cha mizinga hiyohiyo ya 4, alivunjwa mguu na bomu siku ya kwanza. Baba yake alikuwa mwandishi wa New York Times, akaja kuripoti vita akamkuta mtoto ameshakufa. Akakaa karibu na maiti akaandika ripoti. Anauliza ndani yake, nani anaweza kuandika historia ya vita wakati macho yake yameganda kwenye maiti ya mzaliwa wake wa kwanza.

Upande wa Kusini kulikuwa na Joseph Latimer, waliyemwita Meja Mtoto, miaka 19, alijeruhiwa tarehe 2 akafa Agosti mosi. Na John Pelham, 24, alikuwa ameshauawa Machi kule Kelly's Ford. Mizinga ilikuwa inakula vijana kwa sababu afisa husimama, askari wa miguu hulala.

Kwa taarifa yenu, darasa hilo la Juni 1861 lilikuwa na watu 34. Cushing alimaliza wa 12. Wa 34 alikuwa Custer, yule kamanda maarufu wa wapanda farasi. Nani anajulikana zaidi?

#34 Dada wa Nakuru
Nimerudia #33 mara mbili hapo kwa yule baba. Siwezi kucheka tena leo.

#35 Binti Unguja
Assalaam alaykum. Nyinyi mnaona hivi vita viko mbali, lakini vilifika madukani kwetu. Ile nguo tunayoiita merikani, ile nyeupe ngumu, ilikuwa inakuja Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, na wao wakichukua pembe na sandarusi. Ilikwenda bara na misafara, ikawa kama fedha. Vita vilipoanza, pamba ya Kusini ikazuiliwa, viwanda vya kule vikakosa kazi, merikani ikaadimika hapa enzi za Sayyid Majid. Waingereza na Wahindi wakaingiza nguo zao. Zilikuwa za Manchester na Bombay lakini mnunuzi wa bara akaendelea kuuliza merikani.

#36 Gobori la Babu
Kwa hiyo sanda ya bibi yangu ilikuwa ni mambo ya Gettysburg? Aisee.

#37 Kisu cha Ngariba
Mada ni mizinga jamani, mmeshafika kwenye vitambaa. Kesho mtauliza bei ya doti.

#38 Binti Unguja
Mizinga ya Kusini ilikuwa inalinda nini kama si mashamba ya pamba na watu waliofungwa humo? Mada ni ileile kaka yangu, umeishika upande wa mtutu tu.

#39 Siti ya Dirishani
🔥🔥 Kisu kimepata ala.

#40 Kitukuu cha Saba Saba
Narudi na mrejesho. Jioni hii nimekaa na babu nikamsomea uzi, kwa kupiga kelele, majirani nao sasa wanajua Gettysburg. Habari ya nishani hakuijali kabisa, alikuwa anachambua mboga. Nilipofika kwenye kidole gumba na lile tundu akaweka bakuli chini. Akanirudisha, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaangalia mkono wake muda mrefu, halafu akauliza:

"Na yule aliyekuwa anashindilia, mikono yake ilipona?"

#41 Ticha wa Zamu
Mwambie babu shikamoo. Mwambie mzinga uliendelea kupiga.

#42 Mbeba Box Maryland
Jumamosi napita tena huko. Nitapiga picha lile tundu kwa karibu nimtumie babu, naomba tu nisaidiwe: kwenye ile mizinga liko juu kabisa au pembeni kidogo?